Mume wa Mbinya

Jumatatu, 12 Januari 2026

Kliniki ya wajawazito imejaa mpaka wengine wamekaa sakafuni. Nilidhani hawatakuja kwa sababu ya kuvuna ndengu. Wamekuja wote!

Mmoja ana kaswende. Anaitwa Mbinya, hii ni mimba yake ya tatu, tumbo ndiyo kwanza limeanza kuonekana. Mpole, anajibu kwa sauti ndogo mpaka umwinamie. Nilipomwonyesha kipimo aliuliza jambo moja tu: mtoto atakufa? Nikamwambia hapana, tukimaliza sindano zote tatu, moja kila Jumatatu. Na mwanamume pia atibiwe. Asipotibiwa atakuambukiza tena, sindano zetu zitakuwa bure, na mtoto anaweza kuzaliwa mgonjwa, au asizaliwe hai. Sikumficha. Nimechoka kuwaficha watu mambo halafu nawaona wodini wakilia.

Nikampiga sindano ya kwanza. Kisha nikauliza lile swali langu — nani mwingine apimwe? Hiyo ndiyo kazi iliyonileta huku Kyuso. Mgonjwa ananitajia mtu, namtafuta huyo mtu, namwambia aje apimwe, na jina la aliyemtaja halitoki kinywani mwangu. Hata akiniuliza kwa kulia.

Mbinya akaangalia chini. Nikamuuliza, umeolewa? Ndiyo. Basi nimpigie mume?

"Mpigie. Yeye ndiye husema mambo yote ya hiyo nyumba."

Akanipa namba, ameishika kichwani. Afadhali! Kwa kawaida napewa namba ya mtu aliyezima simu tangu mwaka juzi. Leo nimelala raha.

Jumanne, 13 Januari

Nimempata. Ameshika simu mara ya kwanza. Sauti nzito, ya kukwaruza, ya mtu wa ugoro.

Nimeongea Kikamba changu chote. Hapo ni wapi? Hapa ni kwa Ndululu. Ni wewe mwenye nyumba? Ii, ni mimi. Basi nikampa maneno yetu kama tulivyofundishwa: napiga kutoka kituo cha afya, kuna mtu anayejali afya yako, huenda umekuwa karibu na mtu mwenye ugonjwa wa zinaa, ugonjwa huo una tiba, njoo upimwe, ni siri. Sikumtaja Mbinya. Hata kidogo!

Akakohoa. Halafu: "Mimi?"

Nikasema, wewe.

"Nitakuja."

Hakunitukana, hakukata simu. Wanaume wangekuwa hivi kazi yangu ingekuwa rahisi. Nimejinunulia soda.

Jumatano, 14 Januari

Sijui nianzie wapi.

Saa tatu ameingia mama mzee na fimbo, amefunga leso mbili, anamtaka "yule mtoto wa simu". Nikajua ni mama mkwe wa Mbinya, amekuja kumtetea mwanawe. Nikamkalisha, nikampa maji. Nikamwita mama kwa adabu ya Kikamba, mwanao yuko wapi, mwaitu?

"Sina mwana. Wewe uliongea na mimi."

Ile sauti! Ile ile!

Nikasema niliongea na mzee Ndululu. Akasema Ndululu yuko kaburini miaka mingi, yeye anaitwa Kalunde, ndiye mwenye nyumba. Nikasema — Mungu wangu, kwa nini sikunyamaza — nikasema nilikuwa nikitafuta mwanamume.

"Mwanamume wa nini? Mbinya mimi ndiye nilimwoa. Nilipeleka mbuzi kwao Kasikeu, nikapeleka ng'ombe. Uliza mtu yeyote. Sasa sikiza. Mimi tangu nizike Ndululu sijalala na mtu. Wewe umeniambia kwa simu kuna mtu ameniletea ugonjwa ya malaya. Kwa nyumba yangu tuko mimi, Mbinya na watoto wawili. Nani ameniletea?"

Nimefundishwa kufunga mdomo, nikaufunga. Yeye akanitazama mpaka akamaliza hesabu yake mwenyewe. Akainuka, akachukua fimbo. Nilimfuata mpaka getini nikimwita mwaitu, mwaitu, ngoja kidogo. Hakugeuka.

Sikumtaja Mbinya kwa neno hata moja na nimemfichua kabisa.

Alhamisi, 15 Januari

Kaveke, nesi wetu mkuu, alinicheka kwanza, kisha akaacha kucheka.

"Kwani hukujua iweto, Wakiuru? Na hicho Kikamba chote?"

Neno nilikuwa nalijua! Nimezaliwa Kiboko, baba yangu Mathenge, Mkikuyu, ana duka la vifaa vya ujenzi hapo barabarani, nimecheza na watoto wa Kikamba tangu nitambae. Lakini kwetu kando ya barabara iweto ni hadithi ya nyanya za watu. Nilidhani imekwisha. Kaveke anasema huku kaskazini bado zipo nyumba kadhaa. Mama asiye na mtoto wa kiume anaoa mwanamke, analipa mahari, yule anamzalia watoto wa jina la nyumba. Wanaume wapo, bila shaka, lakini hawatajwi. Baba wa watoto ni nyumba. Ukiuliza ni nani, umetukana ukoo mzima.

Kanisani kwao hawaitambui. Tangu Kalunde alipe mahari haruhusiwi meza ya Bwana. Lakini Jumapili haikosi, Kaveke anasema, anakaa kiti cha nyuma kabisa na anaimba kuliko kwaya.

Kwa hiyo Mbinya hakunidanganya. Niliuliza namba ya mume, akanipa namba ya mume. Aliona naongea lugha yao vizuri, akajua najua! Na pengine aliogopa kumwambia Kalunde mwenyewe, akaona heri daktari aseme kwa njia ya kidaktari. Mimi nikasema kama mjinga.

Simu ya Mbinya imezimwa. Kaveke akasema tumwombee. Nikamwambia tutamwombea akishapata sindano ya pili. Amenuna mchana wote. Shauri yake.

Jumamosi, 17 Januari

Nimeenda kwa Kalunde. Kaveke alisema nisiende, nitazidisha. Nimeenda.

Bodaboda iliniacha mtoni, mchanga ni mwingi, nikatembea. Kalunde alikuwa kwenye turubai anapiga ndengu kwa fimbo. Aliniona, akaendelea kupiga. Nikakaa pembeni nikaanza kupepeta zilizopigwa, maana sikujua nifanye nini na mikono. Watoto wawili, msichana na mvulana, walikuwa mlangoni pa Kalunde. Mbinya alitokea jikoni, akaniona, akarudi ndani. Kitanda chake kimehamishiwa humo, miguu ya kitanda inaonekana mlangoni.

Nikaomba msamaha. Nikamwambia nilikosea, niliita mtu nisiyemjua, ni ujinga wangu, si wa mtu mwingine.

"Ujinga yako imenisaidia," akasema. "Ningejuaje?"

Akaacha kupiga. Ameketi hapo kwenye ndengu, jasho linamtiririka, akaniambia mambo bila kunitazama. Kwamba alimchagulia Mbinya mtu mmoja, wa ukoo wa Ndululu, ili damu isipotee. Mmoja! Walikubaliana siku ya kwanza, mbele ya mama yake Mbinya. Kama ni huyo mmoja aliyeleta ugonjwa, basi ni makosa yake Kalunde, ya kuchagua vibaya, na Mbinya atarudi kwa nyumba yake leo. Lakini kama Mbinya alipita njia nyingine, ataondoka.

"Na watoto?"

"Watoto ni ya Ndululu. Hawa wawili na huyo ako tumboni. Akishazaa atamwacha hapa, aende Kasikeu."

Nikamwambia mtoto wa tumboni hatakuwa wa mtu yeyote Mbinya asipokuja Jumatatu. Nilikuwa na hasira, nilisema kwa ukali kuliko nilivyotaka. Na yule mwanamume asipotibiwa, vilevile. Akasema jina la mwanamume halitajwi, hiyo ndiyo iweto. Nikasema sitaki jina! Sijamwomba mtu jina. Nataka tu huyo mtu aje, basi.

Akanitazama mara ya kwanza. Akachukua fimbo, akarudia ndengu zake.

Jumatatu, 19 Januari

Wamekuja! Kalunde mbele, Mbinya nyuma, hawaongei. Nimempiga Mbinya sindano ya pili.

Halafu Kalunde akaingia, akafunga mlango, akaanza kukunja leso.

"Na mimi."

Nikamwambia wewe huumwi, mwaitu. Akasema, si mimi daktari niliyesema mume lazima atibiwe? Yeye ndiye mume. Nimpige sindano yake, nimwachie huyo mtu mwingine na aibu yake. Alikuwa hatanii. Amesimama hapo na mgongo wake uliopinda, tayari kudungwa kwa ajili ya mtu mwingine. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nikamweleza polepole kwamba dawa haiendi hivyo, inaingia kwa damu ya mwenye ugonjwa tu. Akafunga leso yake, amekasirika, nadhani ni mimi amenikasirikia, si ugonjwa.

Nilipata dakika moja na Mbinya peke yake. Nikamwambia sitamwambia mtu, lakini mimi nahitaji kujua ili nisimwache mtu nje bila dawa. Ni wangapi?

"Ni mmoja, daktari."

Upesi sana. Na macho yako dirishani.

Nikamuuliza tena, vizuri, bila kumsukuma. Akasema: "Watoto wangu wanalala na mwaitu sasa. Usiku huyo mdogo ananiita. Mimi nasikia niko jikoni. Ni mmoja." Nikaacha. Kama ni mmoja basi ni mmoja. Nimetaka iwe hivyo, najijua.

Alhamisi, 22 Januari

Hakuna habari. Hakuna mwanamume aliyekuja. Nimemuuliza Kaveke kama anajua ni nani. Akasema hajui, na angejua hangesema. Kila mtu hapa ni hodari wa siri kuliko mimi, na mimi ndiye nalipwa.

Baba amepiga simu kutoka Kiboko. Anauliza nitahamishwa lini nirudi karibu. Sina nguvu ya kumjibu.

Jumatatu, 26 Januari

Naandika nikiwa kazini, kwa vipande vipande. Lazima niandike au nitampigia mtu kelele.

Saa mbili na nusu nimefika nikakuta benchi la varanda limejaa. Kalunde katikati. Mbinya kushoto kwake. Na wanaume wanne wa ukoo wa Ndululu, wakubwa kwa wadogo, wamevaa kama wa kwenda baraza, hakuna anayemtazama mwenzake. Amewaita wote! Aliwaambia nyumba ya Ndululu ina ugonjwa, na kila mwanamume wa ukoo atapimwa, asiyetaka aseme mbele ya wengine kwa nini hataki.

Akaniambia kwa sauti ya chini: "Ulisema hutaki jina. Mimi pia sijakupa."

Sikujua nimkumbatie au nimfukuze. Kwa upande mmoja ni akili — mmoja wao ndiye, na hakuna atakayemjua. Kwa upande mwingine, hao wamelazimishwa! Nikaamua nitaongea na kila mmoja peke yake. Nitamwambia anaweza kukataa, tutakaa tu humu ndani muda uleule wa kipimo, kisha atoke, hakuna atakayejua. Kaveke akakubali, akasema ataniletea dawa nikihitaji na hatauliza.

Mbinya kwanza. Sindano ya tatu, amemaliza! Ametoka akichechemea, amekaa upande upande. Hii dawa inauma, kila mtu anajua, inaingia kwa matako nzito kama uji na unatembea nayo siku nzima.

Saa nne na nusu. Wawili wa kwanza wamekubali kupimwa. Hawana kitu. Wametoka, wako pale nje ya geti kwa muuza chai.

Wa tatu, Muindi, mtu wa makamo, ana mke na watoto wakubwa. Kipimo kimeonyesha mistari yote, ana ugonjwa. Ameuliza kama mkewe atajulishwa. Tumeongea juu ya mkewe, atamleta mwenyewe Ijumaa. Nimempiga sindano. Ametoka.

Na hapo ndipo nimeona. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Kalunde haangalii nyuso za watu. Anaangalia miguu! Amegeuza kiti — ameomba kiti, ameacha benchi — anaelekea mlango wangu, fimbo katikati ya magoti. Muindi alijitahidi lakini mguu ulimsaliti hatua ya tatu. Kalunde akatikisa kichwa taratibu, mara moja, ndiyo. Akaweka mkono juu ya goti la Mbinya. Mkono! Mbinya akafunga macho.

Basi ndiye. Ni mmoja. Mungu angeishia hapo, tungeenda nyumbani.

Amebaki mmoja. Mulei, kijana, dereva wa lori, anapeleka ndengu Mombasa. Nimemwambia anaweza kukataa. Akasema apimwe tu, ana haraka, lori linapakiwa na wataondoka saa nane.

Kipimo kiko hapa mbele yangu, karibu na kalamu. Nasubiri.

Mistari yote.

Nimekiangalia mara tatu. Nimekipeleka dirishani. Mistari yote.

Mulei ana mke. Mulei anaendesha lori mpaka Mombasa. Anaweza kuwa ameipata popote, haihusiani na nyumba ya Ndululu hata kidogo, naweza kuapa! Lakini kwa Kalunde hakuna popote. Kalunde amehesabu mmoja. Akimwona wa pili akichechemea, Mbinya anarudi Kasikeu na watoto wake wanabaki wakimwita usiku.

Nimemkasirikia Mbinya kana kwamba amenidanganya mimi. Kisha nikakumbuka jinsi alivyosema "ni mmoja", na nikajikasirikia.

Nimewaza upuuzi wote. Niwaite wale wawili wa chai niwadunge maji, wachechemee wote! Siwezi, si kazi, ni dhambi na ni kosa la kufukuzwa. Nimwambie Mulei arudi kesho. Kesho atakuwa Mombasa, na Alhamisi atakuwa amerudi na ugonjwa wake uleule, kwa mkewe, kwa yeyote. Nimpeleke mlango wa nyuma. Hatuna mlango wa nyuma, tuna dirisha lenye vyuma. Nimwombe Kaveke amwite Kalunde ofisini. Kaveke ameenda, amejaribu, amerudi. Kalunde amesema yuko sawa hapo alipo.

Nimemweleza Mulei matokeo. Nimemweleza sindano. Sikumwambia lolote kuhusu nje. Siwezi, hata hilo ni siri ya mtu mwingine.

Yeye ndiye amesema. Pole pole, akiangalia mlango:

"Huyo mama anaangalia watu vile wanatembea."

Nikaanza kuchanganya dawa.

"Ukinidunga nitashindwa kutembea?"

Nimemwambia inauma. Nimemwambia nimechanganya na dawa ya ganzi, itapunguza, haitamaliza. Amekaa na uso kwenye viganja. Sijamuuliza kitu. Sijamuuliza kwa nini anajali macho ya Kalunde kuliko ugonjwa. Akainuka, akafungua mkanda.

"Nidunge. Nitatembea."

Nimemdunga polepole nilivyoweza. Hakutoa sauti. Amesimama akishika ukuta, amefanya mazoezi humu ndani, kutoka kitanda mpaka mezani, meza mpaka kitanda, anauma midomo. Mara ya tatu ilikuwa karibu sawa. Mara ya nne ilikuwa sawa kabisa! Akapangusa jasho, akaniambia asante, daktari. Akafungua mlango.

Ametoka. Siangalii. Naandika ili nisiangalie. Nasikia viatu vyake varandani, kimoja, kingine, kimoja, kingine, sawasawa, kama mtu anayetembea zake tu. Amepita kiti. Nadhani amepita kiti. Endelea, kijana, usisimame!

Sauti ya Kalunde.

"Mulei. Rudi hapa, nishike unisimamishe. Nimekaa sana."

Viatu vimesimama. Vimegeuka. Kutembea amefanya mazoezi, kuinua mtu hakufanya. Nasikia fimbo ya Kalunde ikiwekwa sakafuni, na Mbinya anasema haraka haraka, mimi nitakusimamisha, mwaitu, niko hapa, na Kalunde anamwambia kaa.